Alama za Darasani na Nafasi ya Uwanjani: Je, Ufaulu Uwe Sharti la Mwanafunzi Kushiriki Michezo?

Kila mwaka, inapokaribia nusu ya kalenda ya masomo, shule za msingi na sekondari nchini huingia katika kipindi ambacho mambo mawili makubwa hugombea muda mmoja. Upande mmoja ipo mitihani ya muhula na mitihani ya majaribio kwa madarasa yanayojiandaa kwa mtihani wa Taifa. Upande wa pili upo mchujo wa timu zitakazoiwakilisha shule, kata, halmashauri na hatimaye mkoa katika mashindano ya UMITASHUMTA kwa shule za msingi na UMISSETA kwa shule za sekondari.

Katika kata ya Morotonga iliyopo Mugumu, makao makuu ya Wilaya ya Serengeti mkoani Mara, kama ilivyo katika kata nyingine za Serengeti na Tarime, kipindi hicho huibua swali linalojirudia katika vikao vya wazazi na walimu. Mwanafunzi mwenye mguu mwepesi au sauti inayoibeba kwaya ya shule, lakini ambaye alama zake darasani ni hafifu, apewe jezi na kupanda gari la timu, au abaki shuleni akajisomee?

Jibu la haraka analo kila mtu. Wapo wanaosema mshika mbili moja humponyoka, hivyo asiyefaulu asicheze. Wapo wanaoona kuwa kumnyima mtoto jambo pekee analolimudu ni kumsukuma nje ya shule. Uchambuzi huu unaeleza utaratibu ulivyo sasa, historia ya nchi katika suala hili, uzoefu wa mahali ambako sharti la alama limewekwa kisheria, na njia ambayo shule na wazazi wanaweza kuifuata bila kumuumiza mtoto.

Utaratibu ulivyo sasa

UMITASHUMTA ni Umoja wa Michezo na Taaluma kwa Shule za Msingi Tanzania. Jina lenyewe linabeba neno "taaluma", ishara kwamba tangu mwanzo michezo ya shule haikukusudiwa kusimama mbali na masomo. UMISSETA ndiyo inayobeba jukumu hilo kwa shule za sekondari. Mashindano yote mawili hupanda ngazi kutoka shuleni hadi Taifa, na yanahusisha soka, netiboli, mpira wa wavu, mpira wa mikono, riadha, kwaya, ngoma na michezo kwa wanafunzi wenye mahitaji maalumu. Fainali za Taifa zilifanyika Mtwara mwaka 2019 na 2021, kisha zikahamia Tabora mwaka 2022.

Kwa utaratibu uliozoeleka, ukaguzi mkubwa unaofanywa kwa mchezaji ni wa uhalali wake: awe mwanafunzi aliyesajiliwa, awe na umri unaotakiwa, na awe anasoma katika shule na eneo analoliwakilisha. Sababu ya ukaguzi huo inajulikana. Kwa miaka mingi tatizo lililoyasumbua mashindano haya ni mamluki, yaani wachezaji wasio wanafunzi, au waliovuka umri, wanaoingizwa katika timu kwa lengo la kushinda. Mamluki mmoja anapoingia, mtoto mmoja halali hubaki benchi au nyumbani.

Kwa hiyo mjadala wa alama unakuja juu ya mfumo ambao hadi sasa umejielekeza kuthibitisha kwamba mchezaji ni mwanafunzi, kabla ya kuuliza kama ni mwanafunzi anayefanya vizuri. Hayo ni maswali mawili tofauti, na la kwanza likikosa jibu la uhakika, la pili haliwezi kujibiwa.

Historia: taifa limewahi kujaribu pande zote

Tanzania imewahi kuonja matokeo ya uamuzi mkali katika suala hili. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 mashindano ya michezo ya shule yalisitishwa, na mojawapo ya hoja zilizotolewa ni kwamba yalikuwa yakila muda wa masomo. Yalirejeshwa baadaye, katika Serikali ya Awamu ya Nne, baada ya malalamiko ya muda mrefu kutoka kwa wadau wa michezo kwamba chemchemi ya vipaji ilikuwa imekauka. Kipindi hicho kiliacha funzo kwamba kuondoa michezo hakuwi dawa ya ufaulu, kwa kuwa sababu za mwanafunzi kushindwa ni nyingi na uwanja ni moja tu kati yake, pale inapokuwa sababu.

Nchi imewahi pia kuondoa sharti la alama na kuona upande wa pili. Mwaka 2008 sharti la kumtaka mwanafunzi afaulu Kidato cha Pili ndipo aendelee Kidato cha Tatu liliondolewa. Matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2012 yalipotangazwa kwa mara ya kwanza, takribani watahiniwa sita kati ya kila kumi walipata daraja sifuri, kabla ya matokeo hayo kupangwa upya. Sababu za anguko lile zilijadiliwa kwa upana na hazikuwa moja, lakini hoja ya wanafunzi kupandishwa kidato bila kupimwa ilikuwa miongoni mwake. Sharti la Kidato cha Pili lilikuwa limekwisha kurejeshwa mwaka huohuo wa 2012. Wanaotetea masharti ya taaluma wana haki ya kuutaja mfano huu, kwa sababu unaonyesha kwamba mtoto asiyedaiwa chochote hufika mwisho wa safari akiwa mikono mitupu.

Hata hivyo, Mkoa wa Mara wenyewe una nafasi ya pekee katika historia ya mjadala wa alama. Novemba 1974, mjini Musoma, Halmashauri Kuu ya TANU ilipitisha Azimio la Musoma, linalokumbukwa zaidi kwa kuharakisha mpango wa elimu ya msingi kwa wote. Azimio hilo lilihoji pia desturi ya kumpima kijana kwa mtihani wa mwisho peke yake. Kutokana nalo, kuingia chuo kikuu kulihitaji mwombaji awe amefanya kazi na kupata mapendekezo ya mahali alikofanyia kazi, na kuanzia mwaka 1976 alama za maendeleo ya kila siku zilianza kuhesabiwa pamoja na mtihani wa mwisho. Baadhi ya taratibu hizo zilibadilishwa baadaye, lakini wazo la msingi limebaki katika mfumo wa elimu hadi leo: mwanafunzi apimwe kwa mwenendo wa kazi yake kwa muda mrefu, si kwa siku moja. Wazo hilo ni la manufaa kwa yeyote anayetaka kuweka sharti la alama kwa wanamichezo.

Ulikowekwa msumeno: mfano wa Texas

Mfano unaotajwa zaidi duniani ni wa jimbo la Texas nchini Marekani. Mwaka 1984 bunge la jimbo hilo lilipitisha sheria ya mageuzi ya elimu iliyobeba kanuni iliyokuja kujulikana kwa maneno mafupi: usipofaulu, huchezi. Mwanafunzi aliyepata chini ya alama 70 kati ya 100 katika somo lolote alisimamishwa kushiriki michezo na shughuli nyingine za nje ya darasa kwa muda wa wiki sita. Wazazi walikwenda mahakamani. Mwaka 1985 Mahakama Kuu ya jimbo hilo iliihalalisha sheria hiyo kwa hoja kwamba kushiriki shughuli za nje ya darasa hakukuwa haki ya msingi inayolindwa na katiba.

Kinachostahili kuzingatiwa ni kile kilichofuata. Kanuni hiyo haikubaki kama ilivyozaliwa. Muda wa kusubiri ulilegezwa ili mwanafunzi aliyesimamishwa aweze kutathminiwa na kurejea baada ya wiki tatu akionyesha kuwa amefaulu, huku msamaha kwa masomo ya kiwango cha juu, uliokuwamo tangu mwanzo, ukiendelea kuwapo. Msamaha huo unagusa tatizo la wazi: mwanafunzi anayeogopa kupoteza nafasi ya uwanjani huweza kukwepa somo gumu na kuchagua jepesi. Sheria iliyokusudiwa kuinua taaluma ilikuwa na uwezo wa kuishusha.

Ni muhimu pia kuona kwamba hoja ya mahakama ya Texas haiwezi kuhamishiwa Tanzania moja kwa moja. Tanzania iliridhia Mkataba wa Kimataifa wa Haki za Mtoto mwaka 1991, na Ibara ya 31 ya mkataba huo inatambua haki ya mtoto kupumzika, kucheza na kushiriki maisha ya utamaduni na sanaa. Sheria ya Mtoto ya mwaka 2009 nayo inatambua haki ya mtoto kushiriki michezo na shughuli chanya za utamaduni. Hii haimaanishi kwamba kila mtoto ana haki ya kuchaguliwa timu ya mkoa. Inamaanisha kwamba shule inapomzuia mtoto asicheze kabisa, inabeba mzigo wa kueleza kwa nini kufanya hivyo ni kwa manufaa yake.

Hesabu inayobadilisha picha

Kabla ya kudai kwamba kila mchezaji awe amefaulu masomo yote, inafaa kutazama takwimu. Katika matokeo ya Kidato cha Nne ya mwaka 2023, ufaulu wa jumla ulikuwa takribani asilimia 89. Katika matokeo hayohayo, ufaulu wa somo la Hisabati ulikuwa takribani asilimia 25. Kwa maneno mengine, watahiniwa watatu kati ya kila wanne walipata F katika Hisabati.

Namba hizo mbili hazipingani. Alama F ni kuanzia 0 hadi 29, D ni 30 hadi 44, C ni 45 hadi 64, B ni 65 hadi 74 na A ni 75 na kuendelea. Ili kupata daraja la nne, mtahiniwa huhitaji angalau C moja au D mbili. Hivyo mtahiniwa anaweza kuhesabiwa kuwa amefaulu mtihani wa Taifa huku akiwa ameshindwa masomo mengi, Hisabati ikiwamo.

Maana yake kwa mjadala huu ni kubwa. Shule ikichukua kanuni ya Texas, yaani usipofaulu somo lolote huchezi, somo la Hisabati peke yake lingeweza kuwaondoa wengi wa wachezaji wake, hata kama alama ya kufaulu itashushwa kutoka 70 hadi 30. Shule ya kata yenye upungufu wa walimu wa Hisabati na Sayansi ingekosa timu, na mtoto angeadhibiwa kwa upungufu ambao si yeye aliyeusababisha. Upande wa pili, shule ikichukua kipimo cha ufaulu wa jumla, sharti litakuwa jepesi kiasi cha kukosa maana, kwa kuwa karibu kila mmoja atalivuka.

Lipo tatizo la tatu. Mitihani ya Taifa na upimaji wa Kitaifa hufanyika katika madarasa machache tu: Darasa la Nne na la Saba, Kidato cha Pili, cha Nne na cha Sita. Kwa madarasa mengine, alama zitakazotumika ni za mitihani ya ndani ya shule, wilaya au mkoa. Alama 45 za shule moja si lazima zilingane na alama 45 za shule jirani. Pia mwalimu anayesahihisha karatasi ya mshambuliaji tegemeo, wiki moja kabla ya mchezo wa nusu fainali ngazi ya wilaya, atakuwa katika shinikizo ambalo halikuwapo awali. Kama mamluki walipatikana kwa sababu ya tamaa ya ushindi, alama za kupewa nazo zinaweza kupatikana kwa sababu hiyohiyo.

Mwelekeo wa karibuni wa mfumo wa mitihani unatoa tahadhari nyingine. Januari 2023 Baraza la Mitihani la Tanzania liliacha utaratibu wa kutangaza wanafunzi bora na shule bora kitaifa. Itakuwa kinyume cha mwelekeo huo ikiwa orodha ya "wasiostahili kucheza" itabandikwa ukutani na kuwafedhehesha watoto mbele ya wenzao.

Mazingira ya Serengeti na Tarime

Swali la alama halina uzito uleule kila mahali. Katika wilaya za Serengeti na Tarime, familia nyingi huishi kwa kilimo na ufugaji. Mtoto wa kiume anaweza kukosa vipindi kwa sababu ya mifugo, na wa kike kwa sababu ya maji, kuni na kulea wadogo zake. Alama zake zinaposhuka, mchezo wa saa moja jioni si mtuhumiwa wa kwanza. Kwa baadhi ya watoto hao, timu, kwaya au kikundi cha ngoma kinachocheza kwa mlio wa litungu ndicho kinachowafanya wafike shuleni siku ambayo wangebaki nyumbani. Anayeondolewa katika kikundi hicho anaweza asionekane tena hata darasani.

Kwa wasichana, suala hili linagusa usalama wao. Ukeketaji wa msichana aliye chini ya umri wa miaka 18 ni kosa la jinai tangu Sheria ya Makosa ya Kujamiiana (Masharti Maalumu) ya mwaka 1998. Hata hivyo, mkoa wa Mara umeendelea kuwa miongoni mwa mikoa inayopambana na mila hiyo, na kwa kawaida msimu wake hufika Desemba, wakati shule zimefungwa. Klabu za wanafunzi, skauti, vikundi vya sanaa na timu za netiboli ni mahali ambapo msichana hupata taarifa, humpata mwalimu anayeweza kumweleza siri yake, na hujenga urafiki na wenzake watakaogundua mapema kwamba hayupo.

Kwa sababu hiyo, neno "shughuli za nje ya darasa" linahitaji kutenganishwa. Timu inayosafiri kwenda kambi ya mkoa kwa wiki kadhaa ni jambo moja. Klabu inayokutana shuleni Jumatano jioni kuzungumzia ukatili wa kijinsia ni jambo jingine. Sharti la alama likitungwa kwa maneno ya jumla linaweza kumfungia mlango msichana yuleyule anayehitaji zaidi kuwa ndani, kwa kuwa mara nyingi msichana aliye katika hatari ndiye ambaye alama zake zimeanza kushuka. Kwake, kushuka kwa alama ni dalili inayopaswa kumleta mwalimu karibu.

Mtaala mpya na sura mpya ya swali

Sera ya Elimu na Mafunzo ya mwaka 2014, Toleo la 2023, na mitaala iliyoanza kutekelezwa Januari 2024 imebadili msingi wa mjadala huu. Sanaa na michezo sasa vina nafasi ndani ya mtaala wa elimu ya msingi, na elimu ya sekondari imepewa mikondo miwili, wa jumla na wa amali, ambapo michezo na sanaa bunifu ni miongoni mwa fani za amali. Kwa mwanafunzi wa mkondo huo, uwanja ni darasa. Kumwambia asicheze mpaka afaulu ni sawa na kumwambia mwanafunzi wa useremala asishike randa mpaka apite somo la Jiografia.

Mabadiliko hayo pia yanampa mwanafunzi mwanamichezo wajibu mpya. Fani ya michezo ina nadharia, ina upimaji na ina cheti. Anayedhani kwamba kipaji kitamsamehe kusoma atakuta swali la mtihani linamsubiri hata katika fani yake mwenyewe.

Kwa nini alama bado zina uzito

Pamoja na tahadhari zote hizo, ingekuwa kosa kuhitimisha kwamba alama za mwanamichezo hazina maana. Mfano ulio karibu zaidi na wananchi wa Mara ni wa Suleiman Nyambui, mzaliwa wa Majita mkoani humo. Mwaka 1980 katika Michezo ya Olimpiki ya Moscow alitwaa medali ya fedha ya mbio za mita 5,000. Katika michezo hiyohiyo Filbert Bayi alitwaa fedha ya mita 3,000 kuruka viunzi na maji. Hizo ndizo medali za Olimpiki ambazo Tanzania imewahi kupata. Nyambui alikuwa pia mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Texas kilichopo El Paso, alikokimbilia timu ya chuo na kutwaa mataji ya vyuo vikuu vya Marekani, kabla ya kushinda mbio ndefu za Berlin mwaka 1987 na 1988.

Njia hiyo ya kwenda nje kwa ufadhili wa michezo bado ipo, lakini lango lake limekuwa na ufunguo wa taaluma. Mwaka 1983 NCAA, chombo kinachosimamia michezo ya vyuo vikuu Marekani, kilipitisha kanuni, iliyoanza kutumika mwaka 1986, ya kumtaka mchezaji anayeanza chuo kikuu awe na wastani maalumu katika masomo ya msingi ya sekondari pamoja na alama za mtihani wa kujiunga. Masharti hayo yamebadilika mara kadhaa, lakini sharti la wastani katika masomo ya msingi limebaki. Msichana wa Mugumu anayekimbia vizuri kuliko wote mkoani, ikiwa cheti chake cha Kidato cha Nne kina F mfululizo, atakuta wakala wa chuo akimsifu kisha akimpa nafasi msichana mwingine.

Hata kwa wanaobaki nchini, maisha ya mchezaji ni mafupi na majeraha hayapigi hodi. Tanzania, Kenya na Uganda zimepewa uenyeji wa pamoja wa fainali za Mataifa ya Afrika za mwaka 2027, na mwaka 2023 wasichana wa Fountain Gate ya Dodoma walitwaa ubingwa wa Afrika wa soka la shule mjini Durban, Afrika Kusini. Hamasa hiyo itawavuta watoto wengi zaidi viwanjani. Wachache kati yao watalipwa kwa kucheza. Wengi watahitaji kusoma mkataba, kuandika barua ya maombi ya kazi na kupiga hesabu za biashara. Shule inayomtumia mtoto kuleta kombe na kumwacha amalize bila kujua kusoma vizuri imemdhulumu, hata kama picha yake inaning'inia katika ofisi ya mwalimu mkuu.

Njia inayotekelezeka

Kutokana na uzoefu huo, swali linalostahili kuulizwa si kama pawe na sharti au pasiwe nalo, bali sharti liwe la aina gani na limdai nani. Mambo matano yanaweza kuziongoza shule, kamati na bodi za shule na wazazi pasipo kusubiri maelekezo mapya, na bila kugharimu fedha nyingi.

Kwanza, mahudhurio yatangulie alama. Daftari la mahudhurio lipo katika kila darasa, na mwanafunzi ana uwezo wa kulitawala zaidi kuliko anavyoweza kuutawala upungufu wa walimu. Anayetoroka vipindi kisha akaonekana mazoezini jioni ana deni ambalo kila mtu analielewa.

Pili, kinachopimwa kiwe maendeleo ya mwanafunzi mwenyewe. Aliyetoka alama 18 hadi 27 katika Hisabati bado ana F, lakini anafanya kazi. Aliyeshuka kutoka 60 hadi 40 ana ufaulu, lakini kuna jambo la kuulizwa. Kipimo cha namna hii kinafuata mantiki ya alama za maendeleo ambayo mfumo wa elimu nchini umeitumia kwa miongo mingi.

Tatu, zuio liwe la muda na liambatane na msaada. Mwanafunzi anayezuiwa kusafiri na timu apewe mpango wa marudio wenye mwalimu, somo na tarehe ya kutathminiwa tena, na aendelee na mazoezi ya shuleni. Zuio lisilo na mpango wa marudio ni adhabu tupu, na wiki tatu za kukaa nje ya uwanja hazimfundishi mtu kukokotoa milinganyo.

Nne, klabu za ulinzi wa mtoto, skauti, ushauri nasaha na michezo ya kawaida ya shuleni zisiguswe na sharti lolote la alama. Sharti, likiwapo, liishie kwa timu zinazomtoa mwanafunzi nje ya vipindi kwa siku nyingi.

Tano, kambi ziwe na saa za masomo. Timu ya halmashauri inapokaa kambini, walimu wanaoisindikiza ni walimu wa masomo pia. Saa mbili za kujisomea kila jioni, zikiwa na kazi zilizotolewa na walimu wa darasa kabla ya safari, zinaweza kupunguza sehemu kubwa ya hasara ya vipindi vilivyokosekana. Wanafunzi wa Kidato cha Nne wanaokabiliwa na mitihani ya majaribio wapangiwe mapema namna watakavyoifanya.

Nafasi ya mzazi

Uamuzi wa nani apande gari la timu hufanywa shuleni, mara nyingi na mwalimu wa michezo, mwalimu wa darasa na mkuu wa shule. Mzazi ana haki ya kuuliza kabla ya kutia saini fomu ya ruhusa. Mtoto atakosa vipindi vingapi? Nani atamfidia? Mtihani upi utaangukia katika siku hizo? Na mtoto anapoachwa, mzazi ana haki ya kuelezwa sababu na kuoneshwa mpango wa kumrejesha. Maswali hayo yakiulizwa katika kikao cha wazazi mwezi Januari, yatakuwa na majibu bora kuliko yakiulizwa mwezi Juni wakati basi limekwisha kuwasha injini.

Kwa wazazi wa Morotonga na kata jirani, ipo hatua ya mapema zaidi, ambayo ni kuhakikisha mtoto anafika shuleni kila siku, anapata muda wa kusoma baada ya kazi za nyumbani, na msichana harudishwi nyumbani wala haozeshwi kwa sababu alama zake ni ndogo. Shule inaweza kumdai mwanamichezo wake bidii darasani pale tu ambapo shule na nyumbani vimempa nafasi ya kuionyesha bidii hiyo.